Valvu, Besi na Noti Isiyotoka Kwenye Spika

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi bila kukandamizwa, hutetemeka mara 41 na ushei kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya betri haiwezi kuutoa mtetemo huo. Ni ndogo mno, na hewa inayoisukuma ni kidogo. Chini ya mitetemo 150 hivi kwa sekunde inakuwa kama bubu. Na bado kwa miaka mingi watu walizisikiliza bendi za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa redio za namna hiyo, wakalifuata gitaa la besi kwa kichwa na kwa mguu, wakaweza hata kuuimba mwendo wake kwa mdomo wakiwa njiani kwenda shamba. Walikuwa wakiisikia noti ambayo redio yao haikuitoa.

Hapo hapana uchawi. Uzi hautoi mtetemo mmoja tu. Juu ya ule wa 41 upo wa 82, wa 123, wa 165, wa 206, wa 247, na kuendelea, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa 41 ile ile. Spika ndogo huipoteza ya chini na kuibakiza ya juu. Sikio likikuta 165, 206 na 247 zimepangana kwa hatua moja, linautambua msingi unaozishika pamoja, na linausikia. Simu za zamani za waya zilitegemea jambo hilo hilo: zilipitisha mitetemo kuanzia 300 hivi hadi 3,400, ilhali msingi wa sauti ya mwanamume mtu mzima uko kwenye 100 au 150. Hakuna aliyepokea simu akamsikia baba yake akiongea kwa sauti ya mtoto.

Ninalitafakari jambo hili kupitia kifaa kimoja kidogo: pedali yenye valvu, ile inayowekwa sakafuni mbele ya mpiga besi na kubonyezwa kwa mguu. Kifaa hicho huiharibu sauti kwa makusudi, na ninaamini uharibifu huo unatufundisha namna maana inavyomfikia mtu kuliko vifaa vingi vilivyotengenezwa ili visiharibu chochote.

Swali la noti isiyokuwapo ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1841 mwanafizikia Mjerumani August Seebeck alichunguza sauti kwa king'ora cha sahani yenye matundu, hewa ikipulizwa kupitia matundu hayo sahani ikizunguka. Akagundua kwamba watu husikia noti ya msingi kwa nguvu hata pale ambapo mtetemo wa msingi ni hafifu mno au haupo. Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya ukinzani wa umeme, alimpinga mwaka 1843. Kwa Ohm, noti ni ule mtetemo uliomo hewani. Kinachosikika bila kuwapo hewani ni mazigazi ya sikio. Jibu la Seebeck linanipendeza hadi leo: kama si sikio, ni nani mwingine wa kuamua noti ni nini? Miaka 20 baadaye Hermann von Helmholtz, mtu mwenye jina kubwa kuliko wote wawili katika somo hili, aliegemea upande wa Ohm, na hoja ya Seebeck ikalala hadi Jan Schouten alipoifufua huko Uholanzi karibu na mwaka 1940.

Mimi niko upande wa Seebeck, na si kwa sababu ya fizikia peke yake. Ohm alidhani kwamba sauti ni mzigo: unafungwa upande huu, unafunguliwa upande ule, na kazi ya sikio ni kuhesabu kilichomo. Ukikubaliana naye, kila kinachopotea njiani ni hasara, na kila kinachoongezeka njiani ni uchafu. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya spika na gitaa la besi begani anajua kwamba mambo hayaendi hivyo.

Valvu ilizaliwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa London alitengeneza kibomba cha kioo kilichoondolewa hewa, ndani yake waya wa moto ukitoa elektroni na kipande cha chuma kikizipokea. Umeme ulipita upande mmoja tu, ndiyo maana Waingereza wakaiita valvu, kama ile ya maji. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alichomeka wavu mwembamba wa waya kati ya kitoaji na kipokeaji, na wavu huo ukabadilisha karne nzima. Umeme mdogo ukifika kwenye wavu, huongoza umeme mkubwa unaopita kati ya pande mbili. Mnong'ono ukaweza kuamuru ngurumo. Simu za masafa marefu, redio, televisheni za mwanzo, kompyuta za mwanzo, vyote vilisimama juu ya wavu ule.

Valvu inayokaa ndani ya pedali nyingi za leo ni 12AX7, ambayo kampuni ya RCA iliitoa mwaka 1947. Ni ndogo kama kidole gumba na ndani yake mna valvu mbili katika kioo kimoja. Ikipewa umeme mdogo wa sauti, hufuata kila kilima na kila bonde la mtetemo, ikivikuza. Mpigaji akiusukuma uzi kwa nguvu zaidi, valvu hufika mwisho wa uwezo wake. Upande mmoja wa mtetemo, wavu huanza wenyewe kunyonya elektroni; upande wa pili, mkondo hukatika. Vilele havipandi tena, vinalegea na kuviringika, na kwa kuwa pande mbili hizo hazilegei sawasawa, mtetemo unaotoka hauna tena umbo la ule ulioingia. Kwa lugha ya mafundi, sauti imekwaruzwa.

Mkwaruzo huo una hesabu yake. Valvu iliyopewa 41 na kushindwa kuibeba vizuri haitoi kelele ovyo. Hutoa 82, oktavu moja juu. Hutoa 123, oktavu na noti ya tano. Hutoa 165, 206, 247. Hutoa zile zile ambazo spika ndogo inaweza kuzibeba, zile zile ambazo sikio linazihitaji ili kuujenga msingi. Besi ya nyuzi mpya zinazong'aa tayari inazo nyingi za namna hiyo. Besi ya nyuzi kuukuu na bapa, zilizopigwa miaka na miaka, haina nyingi, na hapo valvu inaporudisha kile ambacho uzi umeacha kukisema, mtu anaweza kuona ajabu. Chombo kimeshindwa kuipokea noti nzima, na kwa kushindwa kwake kimeipa noti njia ya kufika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nadhani hakuna msemo unaoieleza valvu vizuri zaidi.

Waliotengeneza amplifaya za kwanza za besi hawakutaka lolote kati ya haya. Leo Fender alitoa gitaa lake la besi la Precision mwaka 1951 huko California, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya ya Bassman ili chombo hicho kisikike juu ya ngoma na tarumbeta. Everett Hull wa kampuni ya Ampeg, iliyotoa amplifaya ya B-15 mwaka 1960, alikuwa mpiga besi mwenyewe, mpenzi wa jazi, na alichukia mkwaruzo. Alitaka sauti safi. Wapigaji walizinunua mashine hizo kisha wakazipandisha kupita pale wahandisi walipokusudia. Mwaka 1969 Ampeg ilileta SVT, wati 300, valvu 14, kichwa chake peke yake kikiwa na uzito unaokaribia kilo 40, na Rolling Stones wakazunguka nayo Marekani mwaka huo huo. Lemmy Kilmister wa Motörhead baadaye alilichomeka gitaa lake la besi la Rickenbacker kwenye amplifaya za valvu za Marshall na kulipiga karibu kama gitaa la kati, kwa noti za kukoroma zilizojaza nafasi ya watu wawili. Hakuna aliyeitia maana hiyo ndani ya mashine kiwandani. Ilipatikana mpakani, pale mashine ilipoishiwa.

Mtu ambaye kwangu analibeba jambo hili lote ni mpiga besi James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 South Carolina, akahamia Detroit akiwa kijana, na kuanzia mwaka 1959 alikuwa akirekodi katika studio ya kampuni ya muziki ya Motown, nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand Boulevard. Alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. Nyuzi zake zilikuwa bapa na nene, hakuzibadilisha, na chini ya kifuniko cha chuma karibu na mwisho wa nyuzi kulikuwa na sponji iliyozinyamazisha haraka. Besi ya namna hiyo ina msingi mwingi na sauti za juu chache. Kwenye redio ya gari ya wakati ule ingetarajiwa imezwe kabisa. Motown ilizoea kulichomeka gitaa hilo moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodi bila kuweka maikrofoni mbele ya spika, na mitambo ya miaka hiyo ya mwanzo iliendeshwa kwa valvu. Ukiisikiliza besi yake ikiwa imetengwa na vyombo vingine, unausikia mkwaruzo mwembamba kila anapokaza kidole. Ukiirudisha ndani ya wimbo, mkwaruzo unatoweka. Kinachobaki ni besi iliyo wazi, inayotembea, ambayo vijana wa Marekani yote waliifuata kupitia spika duni za magari ya wazazi wao.

Na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa popote. Santuri za Motown zilitaja waimbaji. Wapigaji, wale waliojiita Funk Brothers, hawakutajwa. Albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, ilikuwa ya kwanza ya kampuni hiyo kuwapa nafasi yao kwenye jalada, na Jamerson akatajwa. Alifariki mwaka 1983 Los Angeles akiwa na miaka 47. Mwaka 2000 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, miongoni mwa wapigaji wa kwanza kabisa wa nyuma kupewa heshima hiyo. Mamilioni ya watu walikuwa wamemsikia bila kujua kwamba kuna mtu wa kumsikia. Jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria, na silichukulii kama fumbo zuri la kifalsafa. Msingi unaosikika bila kuonekana ni ukweli wa fizikia; mtu anayesikika bila kutajwa ni uamuzi wa watu wengine waliokuwa na nafasi ya kuamua vinginevyo.

Sasa, pedali. Kuibeba SVT mgongoni ni kazi ya wanaume wawili na gari, kwa hiyo mafundi wameijaza hamu ile ya valvu ndani ya visanduku vya chuma vinavyoingia kwenye mkoba. Hapa pana haja ya kusema ukweli. Valvu ya 12AX7 imebuniwa kufanya kazi kwa mamia ya volti, 250 ni kiwango cha kawaida. Pedali nyingi zinaipa 9 au 12. Valvu iliyonyimwa umeme kiasi hicho hukwaruza mapema na kwa namna yake; wengine wanaipenda, wengine wanaiona nzito na yenye ukungu. Zipo pedali zilizojengwa vizuri zaidi, zinazoupandisha umeme ndani yake hadi volti 200 au zaidi, na tofauti inasikika, hasa kwa besi ambayo mitetemo yake mikubwa inahitaji nafasi. Hata hizo zinachomekwa ukutani, kwani kuupasha moto waya wa ndani peke yake kunakula umeme ambao betri ndogo ya volti 9 haiwezi kuutoa kwa muda wa maana.

Kisha kuna visanduku vyenye dirisha dogo mbele, valvu ikionekana inang'aa rangi ya chungwa, na mng'ao huo unatoka kwenye taa ndogo ya LED iliyopachikwa nyuma yake. Waya wa valvu ya kweli hung'aa hafifu. Ndani ya sanduku huenda usiuone kabisa. Wapo wanaolichukulia hilo kama pambo lisilo na dhara. Sikubaliani nao. Mtu anayeuziwa mwanga anafundishwa kutafuta maana mahali isipokuwapo, na siku akigundua taa ilivyowekwa, atashuku hata kile ambacho masikio yake yalikuwa yamesikia sawasawa.

Swali gumu zaidi linakuja baada ya hapo. Tangu transista igunduliwe katika maabara ya Bell mwezi Desemba 1947, watu wamejitahidi kuifanya ikwaruze kama valvu, na leo programu za kompyuta zinafanya hivyo kwa ufanisi mkubwa hivi kwamba mbele ya pazia, wapigaji wengi hawatatofautisha. Kampuni ya Korg ya Japani, pamoja na Noritake Itron, ilitangaza mwaka 2015 valvu mpya iitwayo Nutube, iliyotengenezwa kwa teknolojia ile ya namba za kijani kwenye saa na mashine za zamani. Inatumia umeme kidogo sana na bado ni valvu ya kweli. Kama sauti ni ile ile, kuna haja gani ya kioo na moto?

Jibu langu halihusu kioo. Ninaitazama pedali kwa kuuliza kama inaujibu mkono. Valvu iliyopangwa vizuri iko mpakani daima. Mpigaji akigusa kwa upole, noti hutoka safi. Akikaza kidole, noti huanza kukoroma, na mkoromo huo unalingana na nguvu aliyoitia, haubandikwi juu yake. Tumbo la noti linavimba kidogo kisha linatulia. Mpigaji anausikia mpaka, naye anaanza kucheza nao, noti hii ndani, noti ile nje, kama mtu anayejua sauti yake inapasukia wapi anapoita ng'ambo ya mto. Pedali inayotoa mkwaruzo ule ule kwa pigo la hasira na kwa pigo la huruma imeufuta mkono uliopiga, hata kama ndani yake mna valvu nne. Na programu inayoujibu mkono sawasawa, mimi naikubali bila kinyongo. Maana inahitaji kitu chenye kikomo halisi, kinachomsukuma mtu nyuma anapokisukuma. Hakuna sheria inayosema lazima kikomo hicho kiwe cha kioo.

Ila kioo kina jambo moja ambalo programu haina: kinakufa. Kitoaji cha elektroni ndani ya valvu kimepakwa dawa inayochakaa kwa moto, na baada ya maelfu ya saa sauti inafifia. Ya kubadilishia inatoka katika viwanda vichache sana duniani, kile cha JJ huko Čadca, Slovakia, na cha Saratov, Urusi, vikiwa kati ya vikubwa. Mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Moscow ilizuia bidhaa kadhaa kutoka nje ya nchi, na kwa muda wapiga gitaa wa dunia nzima walijikuta wakihesabu valvu zilizobaki madukani. Teknolojia iliyokuzwa na majeshi ya karne ya 20 bado inakokotwa na siasa za majeshi. Mkoromo mtamu wa besi katika ukumbi wa starehe una nyuma yake mji wenye kiwanda na watu wanaotengeneza valvu.

Tukirudi kwenye pedali yenyewe, kwa mpiga besi kuna kitufe kimoja kilicho muhimu kuliko vyote, nacho hakipo kwenye pedali nyingi za gitaa la solo. Ni kile kinachochanganya sauti safi na iliyokwaruzwa. Valvu inaposukumwa sana hulaza vilele vya mtetemo, na nguvu ya chini ya besi hupungua. Ukiupitisha uzi wote kwenye mkwaruzo, unapata sauti kali isiyo na miguu. Kwa hiyo mafundi huigawa sauti njia mbili: moja inakwenda kwenye valvu ikakwaruzwe, nyingine inapita pembeni bila kuguswa, kisha zinakutana mwisho. Njia safi inabeba uzito ambao mwili unauhisi. Njia iliyokwaruzwa inabeba zile 165, 206 na 247 zinazoliambia sikio ni noti gani. Spika kubwa ukumbini itatoa zote. Simu ya mtu aliyerekodi onyesho akiwa nyuma ya umati itatoa za juu tu, na bado wimbo utajulikana.

Kiasi gani cha kila moja, hakuna kitabu kitakachokuambia. Ukiipanga pedali ukiwa peke yako chumbani utaharibu, kwa sababu peke yake mkwaruzo unasikika mwingi, unakera, na mkono unataka kuupunguza. Ngoma zikianza kupiga, matoazi na gitaa la solo vinaifunika ile sehemu iliyokuwa ikikera, na besi iliyopunguzwa inapotelea humo. Ile iliyoachwa na ukali wake inasimama, na hakuna anayeusikia ukali. Ndiyo sababu mpiga besi mzoefu hukigusa kitufe hicho wenzake wakiwa wanapiga, huku akimwangalia mpiga ngoma, na hupenda kumwomba mtu mmoja atoke nje ya ukumbi, asimame mlangoni, amwambie kama kutoka pale anaweza kuuimba mwendo wa besi.